Mkasi na Santuri Iliyofichwa kwa Kuku

Krak.

Naam, ameivunja. Mlioniandikia juma zima mkinisihi nimzuie, poleni sana. Mimi kazi yangu kusimulia, sina mikono ya kumshika mtu.

Bwana Glavu aliigonga santuri kwenye ukingo wa kaunta ya Mzee Sindano, pigo moja tu, ikakatika vipande vitatu. Viwili vilibaki mkononi mwake. Cha tatu kiliruka kikatua juu ya kiatu cha Mkasi.

"Nimeinunua, ni yangu," alisema Glavu, akinyoosha vidole vya zile glavu zake nyeupe. "Mtu na mali yake haulizwi."

"Mimi nakuuliza," alisema Mkasi. "Hii ni ya ngapi?"

"Ya kumi na moja. Na kama ipo ya kumi na mbili, nitaivunja pia. Umeshindwa, dada. Kashone mapazia."

Akatia vipande vyake viwili kwenye mkoba, akatoka.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi, na nayasema mara moja tu. Mkasi ni fundi wa mapazia, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya ulimi wake. Mama yake ndiye Chiriku, aliyeimba "Nipo Hapahapa", wimbo uliopigwa na kila redio miaka thelathini na sita iliyopita, halafu akanyamaza kabisa. Hata bafuni haimbi. Sasa kiongozi wa bendi ile, mkubwa mmoja aitwaye Jemedari, ameuuza wimbo kwa watengeneza filamu, na ameapa mbele ya ofisi ya hakimiliki kwamba sauti ile ni ya marehemu mke wake.

Ofisi imempa Mkasi mpaka kesho saa nne asubuhi. Alete santuri ya toleo la kwanza, ambayo haijachezewa na mtu, sauti zilinganishwe. Asipoileta, Chiriku hakuimba, na mjadala umefungwa.

Basi kwa siku tatu Mkasi amezunguka maduka ya santuri ya mji mzima, yale madogo ya watu binafsi. Amekwenda kwa ndugu wawili wasiosemeshana, waliogawana rafu kwa mstari wa chaki. Amekwenda kwa yule anayeuza santuri na betri za redio, na kwa yule aliyekuwa kinyozi, ambaye bado ana vioo ukutani na huwa anakutazama shingo anapokuhudumia. Kote Glavu alikuwa amemtangulia, akanunua, akavunja. Duka la Mzee Sindano lilikuwa la mwisho.

Mkasi aliinama, akaokota kipande kilichokuwa kiatuni. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yake haichanganyiki na machozi.

Nyuma ya kaunta Mzee Sindano alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimtikisika.

"Usilie, mzee," alisema Mkasi.

"Nani analia?" Mzee Sindano alifunua uso. Alikuwa anacheka mpaka amekauka sauti. "Hebu soma lebo, mwanangu. Soma hapo ulipokamata."

Mkasi akageuza kipande. Lebo ilikuwa ya kijani, imekatika katikati, lakini maneno yalisomeka: Bendi ya Tarumbeta ya Magereza, Nyimbo za Gwaride.

"Hii si ya mama."

"Ni ya magereza. Ninazo nyingine tisa, na hata magereza wenyewe hawazitaki." Mzee Sindano alijipangusa macho. "Mtu anavaa glavu kama daktari wa upasuaji, halafu anavunja santuri bila kutazama lebo. Huyo hajawahi kusikiliza kitu maishani mwake."

"Lakini jalada lilikuwa lenyewe. Nimeliona kwa macho yangu, lina picha ya bendi."

Mzee Sindano alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Mwanangu, mwenye duka la santuri anayeacha santuri nzuri ndani ya jalada lake ni sawa na mtu anayelala na ufunguo nje ya mlango. Sisi wote tunafanya hivyo. Mbovu tunaivika jalada zuri, inakaa dirishani. Nzuri tunaificha kwenye jalada ambalo hakuna binadamu atakayelinyooshea mkono."

"Jalada gani?"

Mzee alijibu kwa fahari ya mtu aliyefikiria jambo kwa miaka mingi. "Ufugaji Bora wa Kuku wa Mayai, Somo la Pili, Magonjwa ya Vifaranga. Mazungumzo ya bwana mifugo, hayana hata ngoma moja. Miaka ishirini na mbili liko rafu ya chini, na halijaguswa ila na mende."

Akapiga magoti, akaingiza mkono rafu ya chini. Akauingiza mpaka kwapa. Akautoa mtupu.

Akavuta Somo la Kwanza. Akavuta kozi ya hati mkato. Akavuta hotuba ya ufunguzi wa kiwanda cha saruji. Jasho likaanza kumtoka.

"Mama watoto," aliita.

Mke wake alitoka chumba cha nyuma akiwa na chupa ya gundi. Yeye ndiye anayebandika majalada yaliyochanika, na huwa haachi kazi njiani kwa sababu ya makelele ya mwanamume.

"Ile ya kuku iko wapi?"

"Ya kuku niliiuza jana, ulipokwenda kupima macho. Nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia leo nimeuza kitu kilichotushinda miaka yote. Ukanipongeza. Ukasema mke kama mimi hayupo."

Mzee Sindano alikaa chini sakafuni, palepale katikati ya hotuba na hati mkato. "Nilidhani umeuza lile feni bovu," alisema.

Sasa Mkasi ndiye aliyetaka kucheka, lakini muda haukumruhusu. Ilikuwa saa saba mchana. "Nani alinunua?"

"Mwanamke mmoja mfuga kuku. Vifaranga wake wanakufa, na nyumbani ana gramafoni ya marehemu babu yake. Masikini, alishukuru mpaka nikaona aibu." Mke wa Sindano alifungua daftari lake la gundi. "Aliacha namba ya simu. Anataka na Somo la Tatu."

Mkasi alipiga. Simu ikapokelewa kabla haijalia mara mbili.

"Nyinyi ndio mlioniuzia santuri?" sauti iliuliza. "Hamna haya. Kuku wangu wanakufa, mimi nimekaa na kalamu na karatasi, mwanamke ananiimbia kwamba yupo hapahapa. Yupo hapahapa kufanya nini?"

"Pole sana, dada yangu. Hiyo santuri iko wapi sasa?"

"Nimeipeleka asubuhi hii kwa yule mama wa duka la ngazini. Kanipa kitabu cha kuku, chenye picha. Yule ni mtu mzima, si kama nyinyi."

Simu ikakatwa.

"Ngazini kwa Shangazi," alisema Mzee Sindano, akijiinua kwa kushika rafu. "Twende. Na twende haraka. Yule bwana ana vipande viwili mkobani, na siku moja atajifunza kusoma."

Alisema kweli, ila siku hiyo ilikuwa imeshafika. Glavu alisoma lebo ndani ya gari, kwenye kona ya kwanza tu. Alimwambia dereva asimame. Akashuka, akasubiri, akawaona Mkasi na Mzee Sindano wakitoka mbiombio, mzee akichechemea na goti lake. Akawafuata kwa miguu, pole pole, umbali wa maduka sita.

Duka la Shangazi liko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo wengine huweka mafagio. Dari linateremka kama ngazi zenyewe zinavyopanda, kwa hiyo ukiingia umesimama, na kadiri unavyokwenda ndani unainama, na kwenye rafu ya mwisho unapiga magoti. Mpangaji akipita juu, vumbi kidogo linakudondokea. Wanunuzi warefu hawadumu mle.

Shangazi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja cha duka, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ni mtu mnene, mtulivu, ambaye hanyanyuki kwa ajili ya mtu yeyote.

"Kuna mtu anazunguka mjini anavunja santuri za Jemedari," alisema kabla hajasalimiwa. "Ni wewe?"

"Shikamoo, Shangazi," alisema Mkasi. "Mimi ni yule anayezitafuta zisivunjwe."

"Marahaba. Hata mwizi akikutana na polisi husema anamtafuta mwizi."

"Mimi ninamjua," alisema Mzee Sindano, akihema mlangoni. "Ni mtoto wa Chiriku."

Shangazi alivaa miwani, akamtazama Mkasi kuanzia kichwani mpaka kwenye kiatu chenye vumbi la santuri. "Chiriku yupo hai?"

"Yupo hai. Ila maneno yake siku hizi ni ya kuhesabu."

"Na wewe umechukua yaliyobaki, naona." Shangazi aliegemea, akavuta kutoka kwenye fungu la sakafuni jalada lenye picha ya kuku mweupe. "Asubuhi aliniletea mwanamke mmoja analalamika. Sikuitazama. Mimi santuri haipandi rafuni mpaka niisikilize, na hizi zote zinangoja zamu."

Akaitoa. Santuri ndogo, nyeusi, lebo nyekundu. Jemedari na Bendi Yake. Nipo Hapahapa. Mahali pa jina la mwimbaji palikuwa patupu.

Mkasi alisogea karibu. Siku tatu za kutembea, kumi zimevunjwa, na hii hapa nzima. Alinyoosha mikono yote miwili. "Shangazi, bei yoyote utakayosema. Nipe niondoke."

"Haitoki."

"Kwa nini?"

"Haitoki dukani kwangu bila kusikilizwa. Unakwenda mbele ya wakubwa kesho na kitu usichokijua kina nini? Hata muuza maboga hugonga kwanza."

"Najua kina nini. Kina mama yangu."

"Basi msikilize."

Mkasi angebishana, lakini Shangazi alikuwa ameshaiweka kwenye mashine na kushusha mkono wa sindano. Kukakwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo, kisha gitaa likaingia.

Kisha Chiriku.

Mkasi aliusikia wimbo ule redioni utotoni mara nyingi, lakini daima nusu, kwa sababu mama yake alikuwa anaizima redio. Sasa ulikuja mzima, ndani ya chumba ambacho hakina pa kwenda. Sauti ya msichana wa miaka ishirini na mbili, haibembelezi, haiombi. Nipo hapahapa, anayetaka anikute. Nipo hapahapa, asiyetaka apite.

Mkasi alitazama santuri ikizunguka. Alijivuna. Alijivuna na akakasirika kwa wakati mmoja, kwamba mtu mwenye sauti hii alikuwa nyumbani wakati huo akichambua maharage kimya, na mwanamume mmoja anatembea na sauti hiyo mjini akisema ni ya maiti.

Wimbo ukaisha. Mkasi alinyoosha mkono anyanyue sindano.

Shangazi alimpiga kikofi kidoleni. "Sheria ya duka. Hunyanyui mkono wa mashine mpaka ujirudishe wenyewe."

"Umekwisha."

"Kimya."

Santuri ilizunguka tupu. Mara moja, mara mbili. Halafu kutoka ndani ya ule ukwaruzo ikatoka sauti ya mwanamume, mbali kidogo na kipaza sauti, ya mtu aliyeridhika.

"Imeingia hiyo, Chiriku. Ahsante."

Mkasi alishika kaunta.

"Toleo la kwanza," alinong'ona Mzee Sindano. "Fundi wa studio alichelewa kuzima mtambo. Nilisikia habari hiyo zamani, nikadhani ni chumvi ya watu wa baa. Matoleo ya baadaye walikata."

Jemedari kwa mdomo wake mwenyewe, kwa jina. Hakuna ofisi duniani ingehitaji zaidi ya hapo. Mkasi alifungua mdomo aseme jambo la ushindi, na hapo ndipo sauti ya pili ilipomjibu Jemedari kutoka ndani ya santuri.

"Sitaki ahsante," alisema Chiriku wa miaka ishirini na mbili. "Andika jina la mkeo kama tulivyokubaliana. Na gari la hospitali lije sasa hivi, mtoto anaungua."

Mkono wa mashine ukajinyanyua, ukarudi mahali pake.

Juu ya vichwa vyao mpangaji alipanda ngazi, hatua baada ya hatua.

Chiriku ana mtoto mmoja tu. Hamhitaji mimi niwafanyie hesabu hiyo, na Mkasi hakuhitaji pia. Alikaa kwenye sakafu, mgongo kwenye rafu, akatazama mikono yake. Alikuwa na mwaka mmoja wakati ule. Ameishi miaka thelathini na saba akidhani mama yake alichoka kuimba.

Mlangoni mtu alipiga makofi. Makofi yasiyo na mlio, ya vitambaa.

"Kama tulivyokubaliana," alisema Bwana Glavu. Alikuwa ameegemea mwimo kwa raha zake. "Nimesikia sawasawa? Kama tulivyokubaliana. Mama yako alipewa huduma, akatoa wimbo. Mkataba, dada. Kwa sauti yake mwenyewe."

"Toka dukani kwangu," alisema Shangazi.

"Natoka. Lakini naomba hiyo santuri muitunze vizuri. Msiikwaruze. Mimi siivunji tena, kwa nini niivunje? Kesho saa nne iletwe vilevile ilivyo. Mmenitafutia ushahidi wenyewe, na goti la mzee limeteseka bure."

"Aliyeimba anajulikana sasa," alisema Mzee Sindano. "Jemedari ameapa uongo."

"Jemedari atasema amesahau. Wazee wanasahau. Lakini aliyekubali atasemaje? Atasema alikuwa anatania?" Glavu alitabasamu. "Itasomwa magazetini, mnajua. Chiriku aliuza sauti yake, sasa anataka kuiuza mara ya pili."

Shangazi aliinamia sikio la Mkasi. "Ivunje mwenyewe," alinong'ona. "Iishe. Asipate yeye, asipate mtu."

Mkasi aliitazama ile santuri. Akiivunja, sauti ya mama yake inakwenda kaburini kwa mwanamke mwingine. Akiipeleka, mama yake anasimamishwa mbele ya watu na kuulizwa kwa nini aliuza. Njia zote mbili zilipita juu ya mgongo wa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa hata amekubali kuja.

Akainuka. Akatoa simu, akapiga nyumbani, akabonyeza spika, akaiweka juu ya kaunta.

"Unafanya nini?" aliuliza Glavu.

"Namuuliza mwenye sauti. Nyinyi wanaume mmejadili sauti yake miaka thelathini na sita bila kumpigia simu."

"Nani?" ilisema simu.

"Mimi, mama. Nimeipata."

"Mmesikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi umejua."

"Nimejua." Mkasi aliinamia simu. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ili uishi unajiona mzigo? Mtoto hambebeshwi ugonjwa wake mara mbili." Mama alihema. "Ulikuwa unaungua, mwanangu. Ulikuwa hata hulii tena. Angeniambia nimpe na miguu, ningempa."

"Yupo hapa mtu wa Jemedari. Anasema ulikubali, na kesho atawaambia watu wote kwamba ulikubali."

"Aseme. Nilikubali." Kisha kitu kikabadilika kwenye simu, kama mtu aliyekuwa ameketi amesimama. "Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa. Mtoto amepona siku nyingi, sasa anagombana na watu madukani. Kesho naenda mwenyewe. Nitafutie lile gauni la bluu, ulipunguze kiunoni."

Mzee Sindano alijifanya ana vumbi jichoni. Glavu alitikisa kichwa.

"Mama, heshima yako," alisema kwa sauti ya upole wa kununuliwa. "Usijisumbue. Umri wako na maswali ya mawakili haviendi pamoja. Neno lako limo kwenye santuri."

"Neno langu limo. Na la mwenzangu je?"

"Mwenzako nani?"

"Mwanangu," alisema Chiriku, wala hakuwa anamjibu Glavu, "hapo mnasikiliza upande upi?"

"Wa wimbo wetu."

"Geuza."

Shangazi alikuwa ameshaanza kugeuza.

"Huo upande ni magitaa matupu," alisema Glavu. "Hakuna anayeusikiliza."

"Wewe umeusikiliza?" aliuliza Shangazi.

Sindano ilishuka. Ni kweli, ulikuwa wimbo wa magitaa, wa kujazia, mpiga ngoma amechoka na anataka kwenda nyumbani. Dakika mbili na nusu wakasikiliza wote wanne kwenye lile duka lililoinama, Glavu akiwa ameinamisha shingo kwa sababu ya dari. Angeweza kuondoka. Mimi nadhani alibaki kwa kiburi tu, ili acheke wa mwisho.

Wimbo ukafifia. Santuri ikazunguka tupu. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Ikasikika mlio wa mlango kufunguliwa. Hatua za viatu vya kike. Kisha sauti ya mwanamke ambayo haikuwa ya Chiriku, sauti nzito kidogo, yenye kikohozi ndani yake.

"Nimesikia mlichopatana. Jina langu msiliandike. Mimi sijaimba, na nguo ya mwenzangu siivai."

"Mke wangu, hayo tutazungumza nyumbani," alisema Jemedari.

"Nyumbani nimetoka. Mwanetu nimemwacha amelala, nimekuja na gari kusema hili tu. Chiriku, gari liko nje, mpeleke mtoto, unasubiri nini? Na huyu hana cha kukudai. Gari ni langu."

Kikohozi. Hatua zikiondoka. Mkono wa mashine ukajinyanyua.

Fundi alikuwa amechelewa kuzima mara ya pili, bendi ikijazia upande wa pili huku Chiriku akingoja gari. Basi ndiyo maana mahali pa jina palikuwa patupu. Mke alikataa kuandikwa, mume akakataa kumwandika mwingine. Na lile patano ambalo Jemedari angejidai nalo kesho hakulilipa hata kwa mafuta ya gari.

Mkasi alicheka. Alicheka kwa nguvu mpaka mpangaji wa juu akagonga ngazi. "Haya, Bwana Glavu," alisema, akigeuka. "Sasa bado unataka tuilete kesho vilevile ilivyo? Au umerudi kwenye kuvunja? Njoo uivunje, nikuone. Njoo, mimi nipo hapa."

Glavu hakuja. Alikuwa ameshuka taratibu mpaka akakaa kwenye fungu la santuri za kungoja zamu, magoti karibu na kidevu, na uso umemwisha damu. Alikuwa anavua glavu moja, kidole kimoja kimoja, kama mtu asiyejua anachofanya.

"Rudia," alisema.

"Nini?"

"Pale mwisho. Tafadhali, Shangazi. Rudia anapokohoa."

Shangazi alivuta mashine karibu. Alirudisha sindano. Jina langu msiliandike, alisema mwanamke yule tena, na akakohoa.

"Jemedari aliniambia santuri hizi zina kasoro ya kumdhalilisha marehemu," alisema Glavu. Hakuwa anamwambia yeyote. "Aliniambia watu wanataka kumwibia. Nilikuwa na miaka mitatu alipokufa. Hakuna kanda, hakuna chochote, nilimuuliza mara nyingi." Aliinua macho kwa Mkasi, na yalikuwa mekundu. "Hiyo ni sauti ya mama yangu. Huyo aliyeachwa amelala ni mimi."

Mkasi alikuwa na neno kali tayari ulimini. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alilimeza.

Simu ya Glavu ikalia mfukoni. Aliitoa, akaitazama muda mrefu, akaigeuza ili Mkasi asome. Kiooni paliandikwa neno moja, Baba.

Alipokea kwa mkono usio na glavu, na duka lile ni dogo kiasi kwamba hakukuwa na haja ya spika.

"Umeivunja?" aliuliza Jemedari.

"Baba," alisema Glavu, "mama aliwahi kuimba?"

Shangazi alizima mashine.

"Uko wapi?" alisema Jemedari, na sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyeridhika. "Nani yuko hapo na wewe? Nakuuliza, nani yuko hapo?"

Glavu aligeuka kumtazama Mkasi. Wakati huo ndipo ile simu nyingine, iliyokuwa imesahaulika juu ya kaunta na spika imefunguliwa, ilipomjibu kwa niaba yake.

"Mwambie ni Chiriku."